Taa ni Macho, Upinde wa Chuma ni Roho: Usitoboe Kimoja kwa Kufunga Kingine



Leo nitasema juu ya trakteri. Sisemi juu ya makamio makubwa ya karieri, kwani hayo tunayasikia kila mara kwenye mikutano ya sikirite. Nasema juu ya trakteri ya kila siku: ile inayovuta sisterne ya maji ya kumwagia barabara wakati wa vumbi, ile inayovuta remorki ya takataka katika kartie, ile inayolima shamba la mahindi mvua inapoanza. Watu wengi wanaiona kama chombo cha upole. Haikimbii, kwa hiyo wanafikiri haiui. Wanajidanganya. Trakteri inapinduka upesi, kwa sababu uzito wake uko juu, magurudumu yake yamekaribiana, na kitu inachovuta kinaweza kuisukuma kwenye mteremko.

Kwetu Katanga jua linazama karibu na saa kumi na mbili ya jioni, mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Kazi haimaliziki kila mara kabla ya giza. Shofere anaona taa mbili za mbele hazimtoshi: haoni mtaro wa pembeni, haoni remorki iliyo nyuma yake, haoni mtoto aliyesimama kando ya njia. Anaomba taa za kuongeza. Siku zinapita, taa haziji. Basi anatafuta taa za kamio la zamani, anakwenda kwa rafiki yake sudere, na jioni ile ile taa nne zinakaa juu ya upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti chake. Zinawaka vizuri. Kila mtu anasifu.

Mimi sisifu. Wala simlaumu shofere kwa kutaka kuona, maana kuona ni haki yake. Neno langu ni moja: taa tuzifunge, lakini upinde ule usitobolewe wala usitiwe moto wa sudire. Taa zinasaidia usianguke. Upinde unasaidia usife ukiisha kuanguka. Mtu asinunue la kwanza kwa kuuza la pili.

UPINDE ULE NI WA NINI?

Makanisie wanauita arso. Kuna wanaofikiri ni chuma cha kushikia wakati wa kupanda, ama cha kutundikia koti na mfuko wa chakula. Sivyo. Umewekwa kwa jambo moja tu: trakteri ikipinduka, upinde ugonge ardhi kwanza, uchukue uzito wote, ujikunje kidogo bila kukatika, na uache nafasi ambamo mtu aliyefungwa kwenye kiti chake atabaki mzima.

Shikeni neno hilo: ujikunje bila kukatika. Hapo ndipo siri yake. Waliotengeneza upinde walichagua aina ya chuma, unene wake na buloni zake ili chuma kile kimeze nguvu ya kuanguka. Kabla ya kuuuza mtindo wake, waliusukuma na kuuponda kwa nguvu zilizopimwa, wakaona kwamba unafaa. Sahani ndogo iliyobandikwa juu yake inaonyesha kwamba umepita majaribio hayo, na kwa trakteri ya aina gani. Buldoza, nivelezi na mashini za kupakia mawe katika mgodi nazo zina ulinzi wa namna hiyo. Kipimo chao kinaitwa ISO 3471.

Jambo hili si maneno ya ofisi. Nchi ya Uswidi ilikuwa na vifo vingi vya wakulima chini ya trakteri. Katika mwaka wa 1959 sheria yake iliamuru kila trakteri mpya iwe na ulinzi huo. Baadaye na trakteri za zamani zikawekewa. Vifo vya kupondwa na trakteri iliyopinduka vikapungua mpaka vikakaribia kwisha. Marekani nayo iliweka amri kwa wenye kuajiri watu, juu ya trakteri zilizotengenezwa baada ya tarehe 25 Oktoba 1976. Wachunguzi wa kule wanahesabu kwamba upinde mzima pamoja na mkaba wa kiti unaokoa karibu watu 99 kwa kila 100 walioanguka na trakteri. Lakini wanasema upinde mzima. Hawasemi upinde wenye matundu.

Na tazameni muda. Trakteri ikiinua pua na kuanguka kinyumenyume, kama robo tatu ya sekunde inatosha kufika mahali ambapo shofere hawezi tena kuirudisha. Baada ya kama sekunde moja na nusu, imekwisha kumlalia. Anayesema «mimi nitaruka» hajahesabu. Na ikilala upande, mara nyingi anayeruka anaangukia mahali pale pale inapoangukia.

TUNDU DOGO SI DOGO

Utaniambia: «Munganga, tundu la buloni ni dogo kama kidole. Litafanya nini katika chuma kinene hivi?»

Chukua mpini wa jembe. Utoboe tundu dogo katikati, kisha ulime nao. Utavunjikia wapi? Kwenye tundu. Chuma nacho ni hivyo. Nguvu inayopita ndani yake ikikuta tundu, inajikusanya kwenye kingo zake, na ufa unaanzia hapo. Tena pinde nyingi ni za bomba, zina uwazi ndani. Mvua ya masika inaingia kwa tundu, inakaa, inakula chuma toka ndani. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani kutu inafanya kazi yake. Hakuna anayeona.

Moto wa sudire ni mbaya zaidi. Chuma kilicho karibu na mshono kinapata moto mkali, kisha kinapoa, na tabia yake inageuka. Pengine kinakuwa kigumu na chepesi kupasuka, pengine kinalegea. Sudere anaweza kuwa fundi wa kweli na mshono wake ukapendeza macho. Shida iko katika chuma cha jirani, ambacho jicho haliwezi kukipima. Siku ya kuanguka, upinde uliotakiwa kujikunja utakatika.

Mahali fulani nilipofanya kazi, walituletea shofere aliyepinduka mtaroni na sisterne ambayo maji yalifika nusu. Maji ya nusu ni mabaya, yanakimbia upande wa mteremko na kuvuta chombo. Mtu yule alikuwa amefunga mkaba, na upinde ulikuwa umesimama. Alifika kwetu akitembea kwa miguu yake, mfupa wa bega umevunjika, uso una damu kidogo. Bibi yake alikuja mbio akilia, akamkuta amekaa kwenye benchi anaomba chai. Nilifurahi sana. Lakini baada ya juma moja nilipita garaji, nikaona upinde ule ule, uliokunjika kwa kumwokoa, umenyoshwa kwa nyundo na kurudishwa kwenye trakteri, na vipande viwili vya chuma vimeshonwa juu yake kwa kushika taa. Niliuliza: «Na shofere atakayefuata?» Walinijibu kwamba rangi mpya inakuja kesho.

Wandugu, upinde uliokunjika umekwisha kazi yake. Unastahili kutupwa na kuwekwa mwingine. Kuunyosha ni kumdanganya atakayekaa kwenye kiti kile.

TAA ZIFUNGWE NAMNA HII

Sasa tuseme namna inayofaa, maana kukataza bila kuonyesha njia si kazi ya ukurasa huu.

1. Tafuta kwanza mahali pengine. Mabati yaliyo juu ya magurudumu ya nyuma na pembeni mwa pua ya mashini ni mahali pazuri. Tazama kitabu cha trakteri. Mara nyingi mtengenezaji amekwisha kuonyesha pa kufungia taa.

2. Ikiwa hapana mahali ila kwenye upinde, tumia kolie tu: vipande viwili vya chuma vinavyokumbatia bomba, na mpira katikati yao. Buloni zikazwe kiasi cha kuzuia taa isizunguke, si kiasi cha kuponda bomba. Usifunike sahani ya upinde. Ikiwa kitabu kinakataza hata kolie, basi imekatazwa.

3. Ikiwa upinde ni wa kukunjwa, usifunge taa mahali panapozuia maungio au pini yake. Na usiufanye upinde kuwa fimbo ya taa ya kulazwa na kuinuliwa kila saa. Wakati wa kazi unakaa wima, pini zake mbili ndani.

4. Taa zisitokeze kwa ndani, upande wa kichwa cha shofere. Ile nafasi ni ya maisha yake.

5. Taa zikifungwa juu, pima tena urefu wa trakteri toka chini, uuandike mbele ya shofere. Mlango wa garaji, matawi ya miembe na nyuzi za umeme za kartie havijui kwamba umeongeza taa.

6. Elekeza mwanga vizuri. Taa ya juu ikigonga pua ya mashini, mwanga unarudi machoni mwa shofere. Kwenye vumbi zito ama ukungu, taa za juu zinafanya ukuta mweupe mbele yako. Zizime, tumia za chini. Taa za nyuma zitazame chini, kwenye ndoana na remorki. Ukiingia barabarani, zima taa zote za kazi. Mwenye kamio anayekufuata akiona mwanga mweupe mbele yake, atafikiri chombo kinamjia. Nyuma ya remorki panatakiwa taa nyekundu na vioo vyekundu vya kurudisha mwanga, visivyofunikwa na matope.

7. Umeme una hesabu yake. Taa moja ya wati 55 kwenye batri ya volti 12 inakula karibu amperi 4 na nusu. Taa nne zinapita amperi 18. Usizining'inize kwenye waya wa taa za kawaida. Zinataka waya wao mnene, rele, na fizibli yao karibu na batri. Taa mpya za LED zinakula kidogo zaidi, lakini fizibli ni lazima kwao pia. Waya usipite karibu na bomba la moshi, na unapopita kwenye ukingo wa bati uvikwe mpira. Waya usio na fizibli ukichubuka, mahali pa kwanza pa kuwaka ni karibu na mazutu.

8. Kazi hii ni ya makanisie na elektrisie wa garaji, mchana, kwa karatasi ya kazi. Si ya rafiki, jioni, kwa bia mbili.

NA MACHO YENYEWE?

Taa nyingi si kuona vizuri kila mara. Jicho la mtu linahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza kabisa. Mwanga mkali ukilipiga, mazoea yale yanapotea mara moja, na sekunde kadhaa mtu anaendesha kama kipofu. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, trakteri inakwenda zaidi ya metre 5 kila sekunde. Hesabu mwenyewe mtaro uko umbali gani. Kwa wazee wa kazi macho yanachelewa zaidi kurudi. Kwa hiyo taa mbili zilizoelekezwa vizuri, zenye vioo safi, ni bora kuliko sita zinazopiga kila upande.

Wewe ambaye wenzako wanaona njia wakati wa magaribi nawe huoni, usifiche. Njoo dispansere. Pengine unahitaji miwani, pengine kuna ugonjwa wa jicho. Na mama, ukiona mtoto anagonga viti giza linapoingia, mlete pia: mara nyingi ni upungufu wa vitamini A. Lengalenga, sombe, matembele, mapapai yaliyoiva na mafuta mekundu ya ngazi yanasaidia kuzuia hilo.

Tena, hakuna taa inayomwamsha mtu aliyesinzia, wala inayomwondolea pombe kichwani.

WANAOSEMA «AJALI HAINA KINGA»

Neno hili ninalisikia kila mazishi. Mimi silikubali. Homa ya malaria ina kinga, nayo ni chandarua. Kupinduka kwa trakteri kuna kinga, nayo ni upinde mzima na mkaba uliofungwa. Mwenye kusema ajali haina kinga, mara nyingi anatafuta namna ya kutoulizwa.

Kwa hiyo nasema kwenu, mashefu wa ekipi na wakuu wa garaji. Shofere anayetundika taa kwa sudire hakuanza yeye. Alianza yule aliyempa kazi ya usiku bila mwanga. Trakteri isiyo na taa za kutosha isitoke baada ya jua kuzama. Mkitaka itoke, toeni taa na kolie zake. Kolie si kitu cha bei kubwa. Iwekeni magazeni kama mnavyoweka buloni na mafuta, na mtaona hakuna atakayemtafuta sudere wa jioni. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inajua kamati ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Wajumbe, kazi yenu si kupanda maua tu. Piteni garaji, tazameni pinde zote, moja moja. Ulio na tundu, mshono au mkunjo, andikeni namba ya trakteri na mwombe kwa maandishi upinde mwingine.

Kwako shofere: usione haya kusema «trakteri hii haiendi usiku». Na funga mkaba. Upinde umesimama bila mkaba, utarushwa nje na upinde wako mwenyewe unaweza kukuponda. Ila trakteri isiyo na upinde kabisa, ama ambayo upinde wake umelazwa, hiyo mkaba usifungwe, maana utakushika chini yake. Hiyo inataka upinde kwanza, kazi baadaye.

Kwa wamama na watoto: upinde unalinda kiti kimoja tu. Mtoto anayepanda kwenye bati la gurudumu kwenda shamba hana ulinzi wowote, hata taa ziwe kumi. Kataeni, hata kama shofere ni baba yake.

IKIISHA KUPINDUKA

Zima mashini. Asivute mtu sigara, mazutu yanamwagika. Tuma mtu mmoja kuita ambulansi na mashini ya kuinulia. Usimvute aliyebanwa kwa mikono wala kwa kamba. Kifua kikibanwa hawezi kupumua, hapo hakuna kungoja: inueni polepole mkiweka magogo chini kila hatua, ili isirudi kumlalia. Mguu ukibanwa kwa muda mrefu, andika saa aliyoanza kubanwa, utuambie. Sumu iliyojikusanya mguuni inaweza kushika moyo na figo mara anapofunguliwa, kwa hiyo ni vizuri tuwe hapo kabla. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Usimpe pombe wala chakula.

Wandugu, kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mashini, pitisha mkono wako juu ya upinde toka chini mpaka juu. Ukikuta tundu, mshono wa sudire au mkunjo, mwite shefu aje auguse yeye mwenyewe. Halafu muulize kama angekubali kumpandisha mtoto wake hapo usiku.

Sikirite kwanza, kazi baadaye.